Sababu ya Kurudisha

Asubuhi ile nilitoka Richfield, hapa Minnesota, na begi moja mgongoni bila kujua naenda wapi. Chumba nilimokuwa nikiishi kilikuwa kimepata mwenyewe, mpwa wa mwenye nyumba, aliyewasili kutoka Kigoma na watoto wawili, na sikuona haja ya kuambiwa mara mbili. Nimehama vyumba vingi kiasi kwamba najua kuyakunja maisha yangu ndani ya begi kabla chai haijapoa. Nikasimama kituoni, nikapanda basi la kwanza lililofungua mlango. Theluji ya mwezi wa tatu ilikuwa imegeuka tope la kijivu pembeni mwa barabara, ile theluji isiyo na uzuri tena lakini haitaki kuondoka.

Nilishuka mbele ya lile duka kwa sababu moja tu. Nilikuwa nimesahau dawa ya meno kule nilikotoka.

Dawa ya meno ilikuwa imefungiwa. Ilikuwa ndani ya kabati la plastiki lenye kufuli, pamoja na sabuni na nyembe, kama vito vya sonara, na pembeni kuna kitufe cha kumwita mtu mwenye ufunguo. Nikabonyeza. Sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikasema msaada unakuja. Nikasubiri, nikabonyeza tena, sauti ikarudia maneno yale yale kwa furaha ile ile. Mimi ni mtu wa kupenda kujua, basi nikasoma maandishi yote ya boksi kupitia plastiki, na ya boksi la jirani, nikajua kila kilichomo kwenye dawa ya meno, na bado hakuna aliyekuja. Nikaacha. Nikaelekea mlangoni na hasira zangu, na hapo ndipo nilipomwona Mzee wa Marejesho.

Alikuwa amesimama mahali ilipokuwa kaunta yake. Kaunta yenyewe haipo. Pale sasa pana mashine yenye kioo, na pembeni yake sanduku la chuma lenye mdomo kama wa sanduku la posta. Amevaa tai, na viatu vinavyong'aa katikati ya tope lote lile la mji, na mbele yake toroli lenye kitu kimoja, sufuria ya umeme ya kupikia wali, imo ndani ya boksi lake. Alikuwa anaiambia mashine, kwa Kiswahili, taratibu, kwamba mwenyewe anasema haizimi.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka, kama vile tuliachana jana, ilhali tulikuwa hatujaonana miaka minne.

"Kijana," akasema, "nisomee hiki kinachoandikwa hapa. Kinaandika haraka kuliko macho yangu."

Nina miaka arobaini na kitu. Kioo kilikuwa kimeandika kwamba bidhaa haitambuliki.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani sijui, sikuwahi kumwuliza. Nilimjua zaidi ya miaka kumi, kwanza nikiwa mteja, kisha msimu mmoja nikiwa mfanyakazi mwenzake, nilipokuwa nashusha mizigo nyuma ya duka. Sijawahi kusikia mtu akimwita jina lake. Kazi yake ilikuwa kupokea vitu ambavyo watu wamenunua na hawavitaki tena, basi Waswahili wa mji huu wakamwita Mzee wa Marejesho, wengine wakafupisha, Mzee Marejesho.

Jina hilo lilimletea taabu. Kwa mtu aliyetoka Tanzania karibuni, marejesho ni neno la mkopo, ni ile fedha unayodaiwa na kikundi kila wiki. Nilimwona kwa macho yangu mwanafunzi mmoja mgeni, baada ya ibada, anatambulishwa kwake: huyu ndiye Mzee wa Marejesho. Kijana akampa mkono, akaomba radhi kwamba anakwenda msalani, akatokea mlango wa jikoni na hatukumwona Jumapili tatu. Kumbe alikuwa ameacha deni nyumbani, akadhani kikundi kimemfuata mpaka Minnesota. Mzee alicheka kila alipokumbuka. Alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Ili kuelewa kwa nini watu walimhitaji, lazima uelewe tulivyolelewa. Sisi tumekulia kwenye maduka ambayo kila risiti ina mstari mmoja chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Ukifika nyumbani ukakuta redio haisemi, basi unayo redio isiyosema. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie aende dukani akaseme shati halimtoshi. Hawezi. Atakwenda na mkewe kama shahidi. Atasalimia, ataulizia watoto, ataongelea baridi, na mfuko uko mkononi kama vile haupo. Mzee alikuwa akiwaacha wamalize, kisha ananyoosha mkono anauchukua mfuko mwenyewe.

Na watu wetu walikuwa wanafua. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Hakuna aliyelelewa vizuri anayemrudishia mtu kitu chake kikiwa kichafu, basi shati lililojaribiwa mara moja mbele ya kioo lilifika kaunta limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa, na lebo zote zimekatwa kwa mkasi ili lipendeze. Kwa sheria ya duka, hilo ni shati lililovaliwa. Mama mmoja, ambaye sasa ni muuguzi na wakati huo alikuwa mwanafunzi, alirudisha sufuria yenye mpini uliolegea, na ndani yake ameweka vitumbua vya moto, amevifunika kwa kitambaa. Kwao hakuna aliyewahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Mzee akamwita meneja. Meneja wa siku hizo alikuwa Mmarekani mnene mwenye mashavu mekundu, akavitazama vile vitumbua, akala vitatu wima, akauliza vinaitwaje, akajaribu kulitamka jina lao, akasema sufuria ipokelewe na anayetaka vilivyobaki afanye haraka.

Hilo ndilo duka alilolijua yeye, na mimi nililikuta linaishia. Alinieleza, tukiwa tumekaa kwenye maboksi nyuma ya ghala, kwamba alipoajiriwa kaunta ya marejesho ilikuwa na watu watatu na viti. Mlangoni palikuwa na mgahawa mdogo unaonuka bisi. Palikuwa na mama wa kupima na kukata vitambaa, bwana wa kuchonga funguo, na matangi ya samaki wa mapambo ambao watoto walikwenda kuwatazama wakati wazazi wakizunguka. Wazungu wa hapa walikuja na bibi zao, bibi akaketishwa na bisi zake mpaka jioni. Watoto wa wale walikuja na orodha, wanatembea haraka. Wajukuu hawashuki kabisa kwenye gari. Wanabonyeza simu, mtu anatoka mbio na mifuko, buti inafunguka, inafungwa, wameondoka. Niliwahi kufanya kazi hiyo ya kutoka mbio na mifuko. Katika miezi mitatu nilikumbuka uso mmoja tu, wa mbwa.

"Bei ni ile ile ya chini," Mzee alikuwa akisema. "Walichopunguza ni watu."

Sheria za kurudisha nazo zilibadilika, kila meneja mpya na yake. Mwanzoni alipokea chochote, wakati wowote, hata bila risiti. Kisha ikatakiwa risiti. Kisha miezi, kisha wiki, kisha kitambulisho. Watu wetu hawakuzisoma zile karatasi, kwa nini wazisome, wakati walikuwa na Mzee. Kila mgeni aliyefika mji huu alimwambia maneno yale yale, kanisani, msikitini kwenye harusi, kwenye msiba, popote: "Nunua tu, mwanangu. Ukishindwa, rudisha kwangu." Niliyasikia maneno hayo mara mia na sikuwahi kugundua kwamba hakusema dukani. Alisema kwangu.

Mimi mwenyewe niliyatumia. Msimu mmoja wa baridi nilinunua koti la rangi ya kijani kibichi ambalo zipu yake ilikuwa inakwama kifuani. Nilivumilia miezi minne. Siku moja ilikwama nikiwa ndani ya basi, nikashindwa kulivua wala kulifunga, nikafika kazini nimechelewa na nimelowa jasho, nikaapa litarudi. Nikalifua. Nikalipiga pasi. Mtu aliyeacha shule kidato cha pili hajafundishwa kwamba nailoni haipigwi pasi. Mgongoni likabaki doa linalong'aa, lenye umbo la ncha ya pasi, kama mtumbwi mdogo. Nikampelekea hivyo hivyo. Mzee akaligeuza, akaliona lile doa, akanitazama juu ya miwani.

"Tutaona," akasema.

Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na pesa yangu yote. Sikuamini. Nikaisifia Marekani mji mzima. Kwenye kila chumba nilichohamia niliwasimulia watu: huku hata ukiunguza na pasi wanapokea, mwone Mzee tu. Niliwatuma wengi.

Hilo "tutaona" ndilo lilikuwa neno lake. Hakuwahi kusema hapana. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia hapana kinywani mwake akiwa kaunta, hata kwa yule bwana aliyerudisha mti wa Krismasi mwezi wa pili. Lakini mtu huyo huyo, ukikutana naye kwenye mkutano wa jumuiya, alikuwa mwiba. Aliweza kubishana saa nzima kama muhtasari uandikwe "walihudhuria" au "walikuwepo," mpaka watu wanavaa makoti mmoja mmoja. Na kwa mambo yake mwenyewe hakurudisha kitu hata siku moja. Alivaa viatu vinavyombana majira ya baridi mawili, anatembea kama anakanyaga vigae vya chupa, na nilipomwuliza kwa nini asivirudishe, naye yupo kaunta saa nane kwa siku, akaniambia aliviona, akavipenda, akavilipia, sasa amlaumu nani.

Halafu kulikuwa na vikaratasi. Kila kitu kilichorudi kilibandikwa kikaratasi chenye mstari wa sababu ya kurudisha. Wenzake waliandika namba, moja ni kibovu, mbili hakitoshi, na kadhalika. Yeye aliandika sentensi, na kama mteja ni Mswahili aliandika kwa Kiswahili, mwandiko wa mwalimu, herufi zimelala upande mmoja. *Mwenyewe anasema inamchoma shingoni. Anadai ni kubwa, ila nadhani mume hakuipenda. Haina kosa, amekosa kazi.* Mimi niliyekuwa nikivipakia vitu hivyo kwenye lori ndimi peke yangu niliyevisoma. Wakati mwingine nilichelewesha lori kwa kusoma. Nilimwuliza anamwandikia nani, akaniambia mtu akikueleza jambo lake, namba haitoshi.

Walipoleta mashine, hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kusimama kando yake kuwaonyesha watu namna ya kuitumia. "Nilimfundisha kazi," alinisimulia siku ile ile niliyomkuta, "alipojua, nikaambiwa asante." Walimpa keki. Hakuila, hapendi vitu vitamu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Basi asubuhi ile tumesimama mbele ya mashine, bidhaa haitambuliki, na mimi nimeshaanza kuchemka kwa niaba yake. Akaja binti Mkenya mwenye fulana ya duka na funguo nyingi kiunoni. Nikajua huyu ndiye niliyekuwa namsubiri kwenye dawa ya meno, yeye peke yake kwa duka lote.

"Mzee wangu, si jana tuliongea?" akasema kwa upole. "Hii kitu haina risiti, na ishapita time. Mashine ikikataa mimi siwezi ku-override. Hata manager hawezi."

"Jana ilikuwa blenda," Mzee akamjibu. "Leo ni sufuria."

"Juzi ilikuwa viatu."

"Umeona, unakumbuka. Mashine haikumbuki."

Binti akacheka, akaniangalia mimi kama anayeomba msaada, kengele ya kabati ikaita, akakimbia. Mzee akaligeuza toroli. Nikamwuliza hii sufuria ni ya nani. Akasema ya mama mmoja anayekaa Blaine. Nikamwuliza kwa nini mama wa Blaine asilete mwenyewe. Akatazama begi langu, akaniuliza nahamia wapi, nikamwambia sijui. Akasema kama sina pa kwenda basi nina nafasi ya kumsaidia kubeba, twende kwake Lakeville.

Ndani ya gari, mikono miwili kwenye usukani, mwendo wa kuudhi kila aliye nyuma yetu, ndipo akanieleza. Mkewe amemchoka. Ghorofa ya chini ya nyumba yao, besimenti kama watu wa huku wanavyoiita, imejaa vitu, na mama anataka ipangishwe, kwa sababu tangu kazi iishe mambo si yale. Ameita gari la kanisa la kuchukua misaada. Litakuja kesho asubuhi. Vitu vyote vitapelekwa kwenye duka la mitumba la kanisa.

Nikasema si vizuri, vitawafaa watu.

"Watu gani wananunua pale?" akaniuliza.

Nikafikiri. Sisi. Watanzania wote wa kusini mwa mji huu, ukizaa mtoto, ukipata chumba, ukitafuta meza, ndipo pa kwanza kwenda.

"Watavijua," akasema. "Kila mtu atakijua cha kwake." Akapunguza mwendo zaidi. "Niliwaambia duka limepokea."

Sikumwelewa mpaka tulipofika. Mkewe alifungua mlango, akanitazama mimi na begi langu, akamtazama mumewe na sufuria.

"Na huyu umemtoa wapi?" akauliza. "Naye hana risiti?"

Nikamwamkia, akaitikia, akatuambia tushuke tukaone wenyewe, yeye amemaliza kusema. Binti yao, aliyekuja kusaidia, alikuwa juu ya ngazi na mifuko ya taka. Mzee akamwambia asiguse kitu. Akajibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto waliokulia huku, kwamba ni vitu tu, baba. Akapita.

Nimefanya kazi ghalani, najua kuona mali iliyopangwa. Ile haikuwa takataka. Rafu kwa rafu: blenda, pasi, viatu kwa ukubwa wake, mashati yaliyopigwa pasi na kukunjwa, vitanda vya watoto, taa, mapazia, magodoro ya kujaza upepo. Kila kimoja kina kikaratasi chake. Nikakisoma cha kwanza. *Lebo amezikata zote. Amelifua kwa sabuni ya harufu nzuri. Mashine isingemwelewa.* Nikasoma cha pili, cha tatu. Vyote Kiswahili. Hivi vilikuwa vitu ambavyo sheria mpya zilivikataa, na yeye, asiyejua kusema hapana, aliingia chumba cha nyuma, akatoa pesa mfukoni mwake, akatoka akampa mtu. Jioni akakibeba kitu nyumbani.

Koti langu lilikuwa limetundikwa karibu na tanuri la kupasha nyumba joto. Lile doa la pasi lilikuwa linang'aa.

Nilikasirika. Sitaki kusema niliguswa, ingawa huenda ndicho msomaji anachokisubiri. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilifikiria vyumba vyote nilivyosimulia, watu wote niliowatuma kwake wakiwa na vitu vilivyofuliwa, nikicheka, nikisema duka la hawa jamaa halijui hasara.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba haiwezekani. Ningelivaa hivyo hivyo. Koti zima, zipu tu. Umenifanya mjinga mji mzima."

"Ningekuambia, ungerudi tena kwangu?"

"Ningerudi kukusalimia."

Akanitazama kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza. Akakaa kwenye kiti cha kukunja, nacho kina kikaratasi. Nilimwambia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyopaswa kwa mtu wa umri wake, kwamba anavuruga nyumba yake na kumchosha mkewe kwa kuficha kitu ambacho mwenye nacho angekicheka. Kila asubuhi anakwenda kuibembeleza mashine ipokee, ili uongo wake uwe kweli kabla gari halijaja. Hata ikipokea kimoja kwa siku angehitaji mwaka, na gari linakuja kesho. Nikamwambia avirudishe kwa wenyewe. Kila kikaratasi kina jina. Simu anayo.

"Wataona haya," akasema.

"Mimi nimeona haya," nikamwambia. "Bado nimesimama."

Juu tulisikia mama akitembea, akasimama. Nadhani alikuwa anasikiliza. Mzee akaitoa simu, akavaa miwani, akaisogeza sufuria ya wali karibu na mguu kama vile nayo inatakiwa kusikia. Akampigia mama wa Blaine. Akasalimia, akaulizia watoto, akaongelea baridi. Nilitaka kuinyakua ile simu. Mwishowe akasema ile sufuria yako ninayo mimi hapa nyumbani, mwanangu. Upande wa pili ukauliza kitu. Nilikijua alichouliza, maana hata mimi ningeuliza hicho, si duka lilipokea?

"Hapana," Mzee akasema.

Akaihamishia simu sikio la pili, kama anayesikiliza lile neno limetua wapi. Kisha akasema tena, polepole zaidi, "Hapana, hawakuipokea. Niliipokea mimi."

Mama wa Blaine alicheka. Alicheka kwa sauti iliyotoka kwenye simu mpaka ngazini. Akasema atakuja kesho asubuhi mapema na mumewe, kabla ya gari, na kwamba shoga yake ana blenda mahali fulani, je, haimo? Mzee akageuka kuitazama rafu ya pili. Ilikuwemo.

Alipiga simu mchana kutwa. Wawili hawakupokea. Mmoja alikata, na huyo alimwuma, nilimwona anaishika simu muda mrefu baada ya kukatwa. Mimi nilibeba. Nilipanga vya kuchukuliwa upande wa mlango, na vile ambavyo wenyewe wamehama au hawapo tena duniani nilivirudisha kwenye rafu, kwa sababu hakuweza kuamua na mimi sikutaka kumwamulia. Binti yake alishuka, akasoma vikaratasi vichache akisogeza midomo, akaniuliza neno moja maana yake nini, nikamwambia. Akaiacha mifuko ya taka juu.

Nilipoona ukuta wa nyuma umeanza kuonekana na kitanda cha chuma kimetokea, nikalichukua begi langu nikasema nimsaidie kutafuta basi, yaani anisaidie mimi. Akasema Lakeville haina basi la saa hizi, na alisema kwa ukali wa mkutano wa jumuiya. Akalitoa koti langu kwenye msumari, akaipapasa mifuko yake, akakitoa kikaratasi, akakikunja akakiweka mfukoni mwa shati lake kabla sijakisoma.

"Nipe nisome," nikasema.

"Kimeandikwa zamani. Mtu hubadilika."

"Nipe."

Akanipa. *Zipu inakwama. Mwenye koti ana hasira za haraka. Asiambiwe.*

Nikakisoma mara mbili. Yeye alikuwa ameshafika nusu ya ngazi. Nikamwita nimwulize mimi nalala wapi basi, akaniambia bila kugeuka nivae koti kwanza, chini kuna baridi, na habari za kodi nizungumze na mama, yeye haingilii.

Nikalivaa. Mikono ilikuwa mifupi kidogo kuliko nilivyokumbuka. Nikaivuta zipu, ikapanda, ikafika kifuani, ikakwama pale pale. Nikatukana kimoyomoyo, nikaingiza mikono mifukoni, na ule wa kulia haukuwa mtupu. Kulikuwa na ufunguo wa mlango wa chini, mpya, umechongwa karibuni, una makali bado.